Akala za Kadzo

Mjukuu wangu Dama,

Salamu zako zimefika. Huku mvua imenyesha na mama yako amepanda mahindi. Mimi kifua kinanichosha, na sidhani nitaona mavuno.

Unauliza uvae nini kupanda mlima. Vaa soksi nzito na viatu ulivyokwisha kuvizoea. Beba kofia, maji ya kutosha na viazi vya kuchemsha.

Mimi nilikwenda kuona korongo la Marafa na viatu vipya, ingawa mama alinionya vitaniumiza. Adhuhuri malengelenge yakapasuka. Mdogo wangu Kadzo akanivisha akala zake, akarudi pekupeku kwenye mchanga wa moto. Karibu na nyumbani nikazificha kichakani, nikavaa viatu vyangu, mama asije akanicheka.

"Kadzo, akala ziko wapi?"

"Zimepotea, mama."

Alichapwa, nami nikanyamaza. Kesho yake nilipozifuata, hazikuwepo.

Jana nimempigia simu huko Junju, nikamwomba radhi.

"Dada, radhi nimekupa zamani," akacheka. "Akala zangu je?"

Ninunulie jozi moja, namba tano. Nikitangulia, mpelekee wewe, umvishe kwa mikono yako.

Utembee salama,
Bibi yako