Mtaalamu wa Halmashauri Iliyofutwa

Shangazi Mwanaidi, shikamoo.

Huku Brussels mvua ni nyembamba lakini haikatiki. Jana nimetoa ile mada iliyonikondesha miaka mitatu: jinsi kitongoji kimoja cha pembeni mwa London kilivyopata halmashauri yake, na jinsi ilivyokuja kufutwa na kuunganishwa na ya majirani. Nikavaa suti, nikakohoa kama waziri. Walikuja watu wanne, na wawili walikuwa wamekosea chumba.

Walipotoka akaingia mama wa usafi, Maman Furaha, Mkongo wa Bukavu. Aliniuliza nilikuwa nahubiri nini. Nikaona hatimaye nimepata msikilizaji, nikamweleza yote kwa Kiswahili, mpaka mipaka ya kata. Aliegemea ufagio, akasikiliza hadi mwisho.

"Bon, papa," akasema, "bale bantu ba kule, balibauliza mbele ya kufunga baraza yabo?"

Shangazi, nilikuwa na ramani zote, majina ya wenyeviti wote, hata rangi ya mlango wa ofisi naijua. Hilo sikulijua. Wala sijawahi kuzungumza na mwenyeji hata mmoja.

"Sijui, mama," nikasema.

"Alors, enda ubaulize," akacheka, akaniambia nimsaidie kupanga viti. Nikavipanga vyote, na suti yangu.

Narudi Uingereza Jumatatu, naanza na wazee wa mtaa ule. Niombee dua, shangazi yangu mpenzi, maana hata kubisha hodi kwa Mwingereza sijui kunaanzaje.

Mwanao,
Idi