Kwa Bibi Zamu, Mlango Bado Uko Wazi

Mwaka mzima umetimia leo, Bibi, tangu asubuhi ile ulipotutoka ukiwa umeshatandika mikeka na kupanga vikombe kumi na vinane, kila kimoja na uzi wa rangi yake kwenye kishikio. Akina mama walipofika na watoto mgongoni walikukuta umekaa kwenye kigoda chako, umeegemea ukuta, wakadhani umepitiwa na usingizi. Wakakutania kidogo. Utusamehe. Tulipaswa kujua, maana hujawahi kusinzia kazini.

Tunakuandikia hadharani ili na wengine wasikie. Wapo waliosema kituo chako cha kulelea watoto kingezikwa nawe. Tunawajibu hapa, mbele yako.

Ulianza na chumba chako cha mbele na mkeka mmoja. Kijijini kwetu kazi ilikuwepo kwa mwenye mikono mitupu tu: kupasua kokoto, kufyatua matofali, kupalilia mashamba ya watu. Mama mwenye mtoto mdogo alikuwa ama abaki nyumbani na njaa, ama amfungie mtoto ndani na kwenda. Wewe mwenyewe ulifanya hivyo. Ulimfunga binti yako, mama yangu, kwa kitambaa kwenye mguu wa kitanda asije akafikia jiko, ukaenda kwenye kokoto. Alama bado iko kwenye kifundo chake. Hukuificha. Kila alipokuja mama mgeni ulimwita binti yako na kusema, "Hebu mwonyeshe mguu." Kisha ukamgeukia mgeni: "Hii niliichora mimi. Sikuwa mbaya, nilikuwa peke yangu. Wewe una sisi. Mlete."

Masharti yako yalikuwa mawili tu. La kwanza, kila mama akae nawe kuwalea watoto wote siku moja kila wiki mbili. La pili, mwenye ufunguo ndiye mwenye zamu. Ufunguo ukilala kwako leo, kesho watoto wote ni wako, na kisingizio ukakiache nje na viatu. Ndivyo ulivyopata jina la Bibi Zamu.

Tunacheka bado tukikumbuka zile aproni. Ulizishona zote kutoka pazia moja kuukuu la kijani, watoto wakafanana kama maharage. Jioni moja mwashi, aliyetumwa na mkewe kuchukua mtoto kwa mara ya kwanza, aliingia wakati wewe unakosha vikombe uani. Akabeba, akaondoka.

"Huyu nani?" mkewe akamuuliza.

"Si mwanetu?"

"Mwanetu ni wa kike, baba!"

Alirudi mbio, anahema, mtoto wa watu kifuani. Hukumcheka. Ulimvalisha aproni na kumwambia, "Kesho zamu yako. Utakuja hivyo hivyo mpaka umjue mwanao kwa kilio, akiwa nyuma ya ukuta." Tangu siku hiyo akina baba nao wakaingia kwenye zamu. Wenzake barazani walilalamika kwamba unawageuza mayaya.

"Yaya ni kazi ya watu," uliwajibu. "Ninyi bado mko kwenye majaribio."

Na akina mama wakaenda. Mama wa pacha alijifunza cherehani, leo anafundisha wengine. Mpasua kokoto mmoja, ambaye zamani hakuweza kusema jina lake mbele ya wanaume watatu, aliingia halmashauri ya kijiji, na katika kikao chake cha pili akauliza kwa nini zahanati hufungwa Jumatatu. Mwenyekiti alikuja kukulalamikia kwamba siku hizi wanawake wamepata mdomo. Hukuacha hata kufagia. "Mdomo walikuwa nao siku zote," ulisema. "Walikosa saa mbili za mikono mitupu."

Sasa tukwambie lililotokea ulipoondoka, maana hatutaki ulisikie kwa watu.

Wageni wa msiba walipotawanyika, mwanao mkubwa, kinyozi wa pale njia panda, alitia kufuli kubwa mlangoni. Alitaka chumba kiwe saluni yake mpya ya kunyolea, viti vitatu na kioo cha ukuta mzima. "Mama amepumzika," alisema, "na sisi tupumzike." Sisi wengine tulinyamaza. Tulisema ni kaka, ni mkubwa, ana haki yake. Aibu hiyo ni yetu na tunaikiri hapa.

Siku ya tisa tangu kufuli litiwe, binti yako alipita kwa jirani mmoja wa kwenye kokoto, akasikia mtoto analia ndani na mlango umefungwa kwa nje. Akachungulia dirishani. Aliona kitambaa, mguu wa kitanda, na mguu mdogo. Alimtoa mtoto kupitia dirishani, akaenda naye moja kwa moja kwa kaka yake.

"Kaka, ufunguo uko wapi?"

"Mfukoni mwangu. Kwani vipi?"

"Hamna neno. Nilitaka kujua tu uko kwa nani."

Kesho yake alfajiri akina mama wote walipanga mstari mbele ya kibanda chake. "Shikamoo, Mjomba. Leo zamu yako." Mmoja akaweka mtoto, wa pili akaweka, mpaka wakatimia kumi na wanane. Kisha wakaenda kazini bila kugeuka nyuma. Mjomba aliita, aliapa, alitaja ukoo mzima. Nyembe na mikasi hakuviona, kwa sababu dada yake alikuwa ameshavikusanya kwenye kopo, akasimama nalo ng'ambo ya barabara, nyuma ya kibanda cha muuza viatu, asije mtoto yeyote akaumia.

Bibi, ungekuwepo! Wawili walijipaka poda mpaka kope. Mmoja alipanda mapajani kwa mteja na kugoma kushuka. Mteja akaondoka amenyolewa upande mmoja, akisema atarudi kumalizia hao watakapokuwa wameoa. Saa nne haijagonga, tukamwona Mjomba anatoka kibandani na msafara, mmoja mabegani, mmoja kwapani, wengine wameshikana mashati.

"Dada, toka huko nyuma, nimekuona," alisema. "Njoo ubebe hawa wa mwisho."

Walipofika kwako, akafungua kufuli. Hakujua mikeka iko wapi, watoto ndio waliomwonyesha. Walipolala alikaa kwenye kigoda chako, akautazama mguu wa dada yake kwa muda. Tulidhani atagomba.

"Nilikuwa nakimbia kutoka shule," akasema, "nije nikufungue. Fundo la Mama lilikuwa gumu. Nilikuwa nalifungua kwa meno."

Hatukuwahi kulisikia hilo, na nadhani hata wewe hukulijua.

Kioo alichokuwa ameshakinunua kiko ukutani kwako, chini kabisa, usawa wa watoto. Kufuli lile kubwa alilitupa. Amebakiza kitasa chako cha zamani na ufunguo wake mmoja.

Wiki hii tumeshauriwa tufunge kituo leo kwa heshima yako. Tumekataa. Tumeambiwa pia, na watu wenye vyeo, kwamba kulea ni shughuli ya ndani, haina haja ya kupigiwa kelele. Waje watuambie mlangoni. Aproni za ziada zipo, tumekata pazia lingine, na safari hii kila aproni ina uzi wa rangi yake.

Unakumbukwa na binti yako, anayeonyesha mguu wake kwa kila mama mgeni bila kuitwa; na mwanao kinyozi, ambaye leo hanyoi mtu kwa sababu zamu ni yake; na wajukuu zako, nikiwemo mimi niliyetoka chuoni na kukuta darasa lenyewe liko kwetu; na mwashi, anayemjua bintiye kwa kilio akiwa nyuma ya ukuta; na akina mama wote waliokwenda kazini asubuhi hii na mikono mitupu.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, Bibi. Ufunguo uko kwetu.