Ringi Mpya za Pijo la Baba

Jumapili. Joto tangu alfajiri, upepo hakuna, na mimi sina hamu ya kuonana na mtu.

Nimekaa barazani. Mbele yangu liko Pijo la marehemu baba, limeinuliwa upande mmoja kwa jeki. Mke wangu ameniletea chai, akaiweka, akaondoka. Naye amenuna. Ana haki.

Niandike tu, labda hasira itapungua.

Nimelihangaikia gari hili miezi na miezi. Rangi, viti, injini, mpaka taa ya ndani ambayo hata baba aliishi bila hiyo. Lilipokamilika nikaona bado linakaa kizee, kosa ni zile ringi za chuma za inchi kumi na nne, ndogo, zimepauka. Nikatafuta ringi za aloi za inchi kumi na sita. Zilipofika zinang'aa kama sufuria za harusi, nilizipangusa kwa shati langu mwenyewe. Nilitaka likiingia Vitengeni watu wageuze shingo.

Maana Vitengeni ndiko kwao Sidi, mchumba wa mdogo wangu Kazungu. Jana ilikuwa siku ya kupeleka kadzama, ule mnazi wanaounywa wazee kufungua maneno ya posa. Baba angekuwa hai, yeye ndiye angeuweka mbele ya wazee wa kule. Hayupo. Mkubwa ni mimi, kwa hiyo kazi ni yangu. Kazungu aliniomba tufike mapema, kwa sababu mnazi haukai. Unagemwa alfajiri, asubuhi ni mtamu, jua likipanda unageuka mkali.

Hakuniomba kitu kingine.

Fundi Bakari, aliyezifunga ringi hizo, simlaumu hata kidogo. Yule mtu alinieleza kila kitu kwa utaratibu. Ringi ikiongezwa, ubavu wa tairi upunguzwe, kimo cha gurudumu zima kibaki kilekile, la sivyo mshale wa mwendo utakuwa unanidanganya. Matairi yawe ya kubeba uzito wa gari lenyewe. Akakagua matundu ya nati moja moja, akaweka nati mpya zinazokaa kwenye aloi. Akaniambia niwaarifu watu wa bima na nilipeleke gari likakaguliwe kabla ya safari. Nikaitikia yote. Sikufanya hata moja.

Akazungusha usukani mpaka mwisho huku na huku. Mbele tairi haligusi bodi. Nyuma akajikuna kichwa, kwa sababu zile ringi ni pana na zimetoka nje kidogo.

"Niletee watu watatu wazima wakae nyuma, na buti tulipakie mchanga," alisema. "Likiwa tupu hivi mimi sioni kitu, bwana."

Nikamwambia nina haraka. Haraka gani? Nilitaka kuliosha na kulipiga picha kabla mwanga haujaharibika. Picha zenyewe nilizitia hapa kwenye blogu Ijumaa, mkazisifu sana. Ahsanteni.

Jana asubuhi tukaondoka Malindi wanne: mimi, Kazungu na shati lake jeupe, baba mdogo Charo, na shangazi Kadzo, ambaye si mtu mdogo. Njiani askari wa barabarani akatusimamisha. Akainama akatazama matairi ya nyuma yalivyochomoza nje ya bodi, akauliza kama bima wanajua. Nikampigia domo la posa na wazee wanaosubiri. Akatuachia kwa onyo. Nilijiona mjanja kweli.

Kakuyuni tukachukua mnazi kwa mgema, madumu matatu yaliyojaa, tukayapanga kwenye buti. Gari likakaa chini nyuma kama kuku anayetaka kutaga. Nililiona kwa macho yangu. Nikasema ni kawaida.

Lami ilipoisha, kila shimo lilitoa mkwaruzo.

"Mwanangu, gari lalia," akasema baba mdogo.

Nikamjibu ni mawe. Ikaja harufu ya mpira unaoungua. Nikasema watu wanachoma taka. Halafu tairi la nyuma likapasuka kwa kishindo, shangazi akaita jina la Yesu, na hapo sikuwa na uongo mwingine. Mdomo wa bodi ulikuwa umelikata tairi ubavuni, mzunguko mzima.

Basi, nina gurudumu la akiba. Ni moja la zamani, la ringi ya chuma. Nikalipachika, nikaanza kukaza. Nati hazikai. Zimechongwa kwa ajili ya aloi. Kwenye chuma zinacheza, na gurudumu linayumba kama jino bovu. Nati za zamani ziko wapi? Nyumbani, dirishani, kwenye kopo la maziwa ya unga. Nilizijaribu zile mpya zote, moja baada ya nyingine, kana kwamba mojawapo ingenionea huruma. Baba mdogo alisimama juu yangu akinikinga jua kwa mwavuli, na kivuli chake kilinichoma zaidi kuliko jua lenyewe.

Kazungu alikuwa anatazama saa.

Akapiga simu, zikaja pikipiki nne. Shangazi akapanda na dumu, baba mdogo na dumu, Kazungu akalikumbatia la tatu, shati lake limeshaingia vumbi. Ya nne ikabaki inanguruma, inaningoja.

Nikasema, "Tangulieni. Nitawakuta."

Sikuwakuta, na nilijua sitawakuta. Niliogopa kuliacha gari pale njiani na ringi tatu nzima zinazometameta. Je, mtu akizifungua? Kazungu alinitazama, akalitazama gari, akamgusa dereva begani waondoke.

Kwenye kundi la familia nimeandika kwamba nilikwama. Si kweli. Gari ndilo lililokwama. Mimi nilibaki.

Pikapu iliinua nyuma ya gari ikanivuta mpaka nyumbani alasiri, na jioni baba mdogo akaja kunisimulia. Walifika wamechelewa, mnazi umeshakuwa mkali. Hilo wenyeji wangelivumilia. Lakini walipouliza nani anauweka kwa niaba ya marehemu, baba mdogo akasimama, nao wakamwomba akae. Kaka mtu yu hai, ni mzima, imekuwaje asije? Hakuna aliyeugusa. Sidi alikuwa ndani, amevaa tangu asubuhi, anasubiri kuitwa aulizwe kama wazee wanywe. Hakuitwa. Wametaka turudi upya siku nyingine, mkubwa aje mwenyewe, na dumu moja la faini juu.

Baba mdogo anasema mambo hayajaharibika. Wameahirisha tu. Mimi namfikiria yule msichana na nguo zake.

Kazungu hapokei simu. Alinitumia ujumbe mmoja jana jioni: "Baba angepanda pikipiki."

Nimeusoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Leo tangu asubuhi narudisha ringi za chuma na nati zake. Imebaki moja. Za aloi nimezirundika kando, zimejaa vumbi, na sijui hata kama nitazifunga tena. Nikizifunga, itakuwa baada ya Bakari kulijaza gari watu na mchanga, baada ya ukaguzi, na bima ikiwa na habari. Pengine nitaziuza tu.

Ujumbe wa kumwomba Kazungu radhi nimeuandika mara nne nikaufuta, kwa sababu kila mara najikuta nimeanza na habari ya nati. Jua likipungua nakwenda kwake kwa miguu. Nitamwambia pikipiki ilikuwepo na mimi sikupanda. Nikianza kumweleza habari za ringi, anifungie mlango.