Biskuti za Mzee Dabasso

Sericho
9 Mei 1977

Mpendwa Nakiru,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Sisi wazima, ngamia wazima, kisima tu ndicho kinachougua. Je, wewe na mumeo Ekeno? Kifua chake kimepoa?

Nakuandikia kwa ajili ya baba. Tangu meno yamwishe, hali kitu. Nyama anaisukuma kando. Uji anasema ni chakula cha wagonjwa, naye si mgonjwa. Amekonda mpaka naogopa kumshika mkono. Lakini zile biskuti za oti ulizompa Warsame dereva wa lori atuletee, alizichovya kwenye maziwa ya ngamia akala tatu. Tatu, Nakiru! Akauliza, "Hii nani alipika?" Nikamwambia ni wewe. Akasema, "Si ni ule intala, ule msichana wa Turkana, alikuwa anamaliza maziwa yangu?"

Anakukumbuka kabisa, tangu enzi zile tukitoka shule pamoja unakuja kwetu na njaa yako. Niandikie zinavyopikwa, nami nimpikie.

Dada yako,
Qabale

*

Isiolo
28 Mei 1977

Dada Qabale,

Habari ya huko? Hapa tuko salama, kifua cha Ekeno kimepoa, sasa anakohoa tu akiona jembe. Mwambie baba maziwa yale nilikunywa kwa sababu wewe ulikuwa huyataki, nisibebeshwe dhambi peke yangu.

Warsame anakuletea mkebe wa oti, ile nafaka iliyopondwa bapa ambayo Wazungu hupikia uji. Chukua vikombe vinne, unga wa ngano kimoja, chumvi kidogo ya kubana kwa vidole. Kando, yeyusha mafuta, sukari na asali vijiko viwili, moto uwe mdogo, isichemke. Changanya vyote, ushindilie kwenye sufuria bapa kwa mgongo wa kijiko. Oveni huna, usijali, hata mimi nyumbani sina. Tia mchanga kwenye sufuria kubwa, weka ile ndogo juu yake, funika, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Ikishika rangi ya chai ya maziwa, ipua. Ikate vipande ingali moto, lakini usivitoe mpaka vipoe. Narudia kwa sababu nakujua: mpaka vipoe.

Mafuta ninayotumia ni yale meupe ya mkebe ambayo Miss Greta, mwalimu wa ushonaji ninayempikia, hutumiwa kwa posta kutoka kwao. Ndiyo yanayofanya biskuti ziwe laini kwa fizi za mzee. Huko hutayapata, tia samli.

Mdogo wako,
Nakiru

*

Sericho
20 Juni 1977

Nakiru,

Salamu. Wote wazima isipokuwa mpishi, ambaye ameaibika.

Samli yetu inakaa kwenye chombo chetu cha gorfa, na unajua gorfa tunavyoifukiza kwa moshi. Kwenye chai moshi ule ni mtamu. Kwenye biskuti ilikuwa kama kutafuna boma lililoungua. Tena sikungoja zipoe, zikavunjika zote. Baba aliweka kipande kimoja mdomoni, akakitoa polepole kwa adabu, akasema, "Hii si ya Nakiru. Pea mbuzi." Mbuzi alikula.

Nimecheka, lakini usiku nalia. Siku nne sasa ameishi kwa maziwa tu. Tafadhali, mpikie wewe.

Dada yako,
Qabale

*

Isiolo
2 Julai 1977

Dada,

Usilie. Warsame ana makopo mawili ya bati yamejaa biskuti, nimeyafunga kwa kitambaa. Nimeomba ruhusa nikamaliza mkebe mzima wa mafuta ya Miss Greta, naye akafurahi kusikia kuna mzee Sericho anayependa chakula cha kwao. Mchovyee, asipewe kavu. Nisalimie baba yetu.

Mdogo wako,
Nakiru

*

Sericho
30 Julai 1977

Nakiru mdogo wangu,

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Baba ametutoka Jumatano alfajiri. Hakuteseka.

Alikula biskuti zako siku kumi na moja. Asubuhi alikuwa ananiuliza kwanza bati limebaki na ngapi, ndipo ananisalimia. Alianza tena kusimulia habari za visima vya zamani, na kugombana na Wario kaka yangu juu ya bei ya ngamia, nasi tukafurahi kugombezwa. Siku kumi na moja nilikuwa na baba yangu tena.

Kwenye matanga niliwaambia watu wote kwamba mkono uliomlisha mwisho ni wa Nakiru, msichana wa Kiturkana aliyelelewa kwa maziwa yake. Wazee wakakuombea dua. Sina cha kukulipa.

Dada yako,
Qabale

*

Sericho
15 Julai 1978

Mpendwa Nakiru,

Hujambo? Nyumbani? Mvua imetupitia mbali mwaka huu, lakini tunashukuru.

Idd hii ndugu zangu wote wanakuja kwangu. Nataka waonje zile biskuti za baba, tumkumbuke. Nitumie bati moja tu, ukiweza.

Dada yako,
Qabale

*

Sericho
3 Aprili 1979

Nakiru,

Salamu. Idd ilipita, na miezi imepita. Warsame anasema anakuona sokoni, unamuuliza habari zangu kisha unaondoka haraka. Kama nimekukosea, nitajie kosa langu.

Qabale

*

Isiolo
17 Februari 1980

Dada Qabale,

Habari zenu. Natumaini mko wazima. Hukunikosea kitu.

Ulipoomba biskuti za Idd, nilikwenda na barua yako mkononi kwa Miss Greta kumwomba mafuta. Nikamuuliza, yanatengenezwa na nini haya, nisije nikakosa siku ukirudi kwenu? Akanijibu bila wasiwasi, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, "Ni mafuta ya nguruwe, Nakiru. Kwetu kila mtu anapikia."

Nilikaa chini pale pale jikoni. Mkebe ule niliushika miaka mitatu. Una maandishi ya kwao tu, hauna hata picha, nami sikuwahi kuuliza. Nilimlisha baba yako haramu kwa mkono wangu, na wazee wakaniombea dua kwa hilo.

Nilimwambia Ekeno peke yake. Akasema, "Nyamaza, mzee amelala, ukisema utasaidia nani?" Nikamsikiliza. Barua yako ya mwaka jana nimeiweka ndani ya Biblia, na kila nikiifungua nakuta unaniuliza umekosa nini. Nimeshindwa kuendelea hivyo. Wakati napika sikujua, Mungu ni shahidi. Lakini miezi kumi na tisa hii nilijua, nikanyamaza, na hilo ni kosa langu mwenyewe.

Nisamehe. Usiponijibu nitaelewa.

Nakiru

*

Sericho
4 Januari 1981

Nakiru,

Salamu. Sisi wazima.

Barua yako niliisoma, nikairudia, nikaipasua. Kisha nikapanda lori mpaka Garba Tula kumwona sheikh. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema asiyejua hana dhambi, wala aliyelisha bila kujua, tumwombee mzee rehema na turudi nyumbani. Nikarudi, na hasira nikaja nayo.

Nilikasirika kwa sababu zile siku kumi na moja ndizo nilizokuwa nikizikumbuka nikitaka kulala, nawe ukazitia doa. Nilikasirika zaidi kwa ile miezi yako. Nilidhani umeniona mshamba, au umepata marafiki wa mjini. Nilikukosa kuliko nilivyomkosa baba, maana yeye nilimzika mwenyewe. Karibu mwaka mzima nimekuwa nikianza barua hii na kuitupa motoni. Mume wangu anajua, lakini Wario sijamwambia wala sitamwambia.

Sasa sikiliza. Shule yetu hapa inaishia darasa la nne, na Kaltuma binti yangu amelimaliza. Anataka kuendelea Isiolo. Jamaa wa Ado mume wangu wana nyumba mbili hapo mjini, wote Waislamu, wote wako tayari kumpokea. Nimemwambia Ado nataka akae kwako. Alininunia siku mbili, kisha akauliza, "Baada ya hayo yote, uko na hakika?" Nikamjibu kwamba kwa wale wengine sijui kinachoingia kwenye chungu, na wakikosea hawatanieleza. Huyu mmoja, hata ikimchoma, ataniambia.

Anakuja na Warsame Jumatatu. Mwonyeshe msikiti ulipo, na umwamshe alfajiri, ana usingizi mzito. Sitamfungia chakula cha kwake. Atakula unachopika wewe. Maharagwe atakuambia hayapendi, usimwonee huruma.

Dada yako,
Qabale