Mama, Ulikuwa Ukisema Nini Chini ya Ile Ngazi?

Mama,

Kwa desturi ya kwetu nilipaswa kukuogopa kabla ya kukupenda, na miaka ya mwanzo nilifanya hivyo hasa. Ulikuwa mama mkwe wangu. Nilikuja kwako Uriri kutoka Sindo nikiwa bado na harufu ya samaki, kama ulivyopenda kuwaambia wageni, na jina langu la ubatizo hukulitaja hata siku moja. Uliniita Nyar Sindo, binti wa Sindo, mpaka ulipofumba macho. Kuna mambo niliyoshindwa kukuuliza tulipokuwa tukichambua mboga pamoja jikoni kwako, na mpaka leo hayajaacha kuniwasha. Ndiyo maana naandika.

Unakumbuka jinsi mwanao Owino alivyotutoka. Jumatatu alilalamika kichwa. Jumatano malaria ilikuwa imempanda kichwani, anaita majina ya watu tusiowajua. Ijumaa asubuhi alikuwa ameondoka. Akinyi alikuwa na miaka saba, na Otieno hajatimiza hata miwili. Wewe hukulia mbele za watu. Ulizunguka nyuma ya zizi, na uliporudi ulikuwa umenawa uso.

Matanga yakapita, miezi ikapita, wazee wakakaa. Walimtuma Omolo, binamu yake Owino, aje anirithi. Namkumbuka alivyoketi ukingoni mwa kiti akizungusha kofia mikononi, mtu mzima aliyekuwa na mke na watoto wanne.

“Shemeji,” akasema, “mimi nimetumwa tu.”

“Najua. Rudi uwaambie nimekataa. Nimemwomba Mungu anitunze mimi na watoto hawa, na sijamaliza kungoja jibu lake.”

Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Baadaye nilisikia mkewe alikuwa amelia wiki nzima.

Wewe ulikuja jioni ile ile, na hukukubali kiti.

“Umeokoka kuliko mimi?”

“Hapana, Mama.”

“Mimi nilibatizwa kabla mama yako hajaolewa. Mungu namjua. Lakini chira pia naijua.”

Hukuhitaji kunieleza. Hata Sindo tulikua tukiisikia chira, laana ile ambayo wanasema huingia katika nyumba iliyovunja mwiko, ikamkausha mtu taratibu, na mara nyingi huanza na mtoto. Ulisema neno hilo ukimtazama Otieno aliyekuwa akicheza na kibuyu sakafuni, na ndipo nilipoona kwamba hukuja kwa hasira. Ulikuja kwa woga. Nimejiuliza mara nyingi, Mama, jinsi imani kwa Mungu na woga wa chira vilivyokaa pamoja katika kifua kimoja. Je, vilikuwa vikigombana? Au kila kimoja kilikuwa na siku zake? Nauliza kwa sababu na mimi, pamoja na maneno yangu makali kwa Omolo, usiku huo nilimwekea Otieno mkono kifuani kusikia kama anapumua.

Baada ya hapo boma likanigeuka. Wanawake walingoja niondoke kisimani ndipo washuke. Sikuruhusiwa kuingia nyumba ya mtu. Lililonitesa zaidi lilikuwa paa. Nyumba ya mjane asiyerithiwa haiguswi na mkono wa mwanamume yeyote wa ukoo, na nyasi za nyumba yangu zilikuwa zimeoza tangu Owino akiwa hai. Ndipo ikaja mvua ya mwaka wa tisini na saba, ile iliyosahau kuacha kunyesha. Niliweka sufuria hapa, karai pale. Nikasogeza kitanda mpaka pakawa hapana pembe iliyobaki kavu.

Nilimwendea mzee wa kanisa.

“Dada,” akaniambia kwa upole, “tutakuombea.”

“Asante, mzee. Na nyasi?”

Akatazama viatu vyake.

Watu sasa huniambia, “Mama Akinyi, ulikuwa na imani kubwa.” Si kweli, na wewe unajua si kweli. Nilikuwa na swali tu. Kila asubuhi nilitoka nje, nikatazama mbingu zilizokuwa nyeusi kama sufuria, nikasema, “Bwana, leo utafanya nini?” Sikuuliza kwa kumkejeli, wala kwa ujasiri. Nilitaka kujua kweli kweli. Nilikuwa nimeshajitia mikononi mwake mbele ya ukoo mzima, na sasa nilikuwa kama mtu aliyeolewa na mume asiyemfahamu, anachungulia mlangoni aone anakuja na nini. Siku nyingi alikuja mikono mitupu, au ndivyo nilivyoona mimi. Kesho yake nikauliza tena.

Kisha Otieno akaanza kukohoa.

Siku ya nne mbavu zake zilikuwa zikiingia na kutoka kama za kifaranga, na habari zilikuwa zimeshafika hadi sokoni kwamba mtoto wa Nyar Sindo anakauka. Nilijua ulichokuwa ukifikiri nilipokuona unakuja mbio uwanjani bila kitambaa kichwani.

“Nilikuambia!” ulipiga kelele ukiwa bado nje. “Nilikuambia, ukaona mimi mshamba!”

Nilikuwa nimejiinamia mlangoni, nami pia nikianza kuamini kwamba nimemuua mwanangu kwa kiburi.

Ukanipita. Ukavuka pazia la chumba changu cha kulala, jambo ambalo mama mkwe hafanyi, na ambalo hukuwa umefanya hata siku Owino alipokata roho. Mpaka leo sijui kama ulijua ulichofanya. Nilikufuata nikakukuta umepiga magoti kando ya kitanda, mkono wako umezama kwenye godoro hadi kwenye kifundo.

“Mtoto analala hapa?”

“Ndiyo, Mama.”

“Kila siku?”

“Kila siku. Hakuna mahali pengine.”

Ulitoa mkono. Ukautazama, ukaunusa. Ukamgeuza Otieno, ukapapasa mgongo wake chini ya shati. Nilikuwa nikingoja laana. Ulipozungumza, sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

“Hii si chira,” ulisema. “Huyu mtoto amelowa.”

Ukaivua leso yako ya kiunoni, ukamfunga mgongoni mwako mwenyewe, tukashuka pamoja kwenye matope hadi zahanati. Walisema ni nimonia. Alidungwa sindano siku nyingi, na siku hizo zote alilala kwako, kwenye kitanda chako kikavu. Wewe ulilala chini.

Siku ya soko la Ogwedhi ulitoka alfajiri na rafiki yako Mama Dorka, ukimvuta yule beberu wako mwekundu ambaye hukuwahi kukubali auzwe hata kwa karo. Hukuniambia unakwenda kufanya nini. Ulirudi kesho yake bila beberu, na nyuma yako mwanamume mwembamba mwenye panga na kamba za mkonge begani. Alikuwa Mkuria, akiitwa Chacha. Chira ya Wajaluo haikuwa na habari naye.

Chacha alitazama paa, akawatazama wanaume waliosimama nje ya ua, akakuuliza kwa Kiswahili, “Mama, wanaume wa hapa wako wapi?”

“Iko na shughuli,” ulimjibu.

Nyasi zilikuwepo, wanawake watatu wa kanisa walikuwa wamenisaidia kukata kwa siri. Lakini Chacha alikuja peke yake, na alihitaji mtu wa kumshikia ngazi na kumpandishia nyasi. Alingoja. Nje ya ua hakuna aliyesogea. Nilipopiga hatua ukaninyooshea kiganja, baki pale. Ukageuka ukasema kwa Kijaluo, kwa sauti ya kufika kisimani, “Kama kuna chira, initafute mimi! Mimi nimekula chumvi ya kutosha!” Kisha kwa Chacha, kwa kile Kiswahili chako cha sokoni, “Wewe panda. Mimi nashika.”

Akapanda. Alipofika katikati akapiga kelele, “Mama, ngazi inatetemeka!”

“Si ngazi,” ulimjibu. “Ni mimi.”

Watu wengine nje ya ua walicheka. Chacha hakucheka. Aliteremka vipandio viwili vitatu, akaketi juu ya kipandio, akangoja mpaka miguu yako itulie, akaendelea. Nami nilikuona midomo yako ikienda. Tangu fungu la kwanza la nyasi mpaka alasiri midomo yako haikupumzika. Jioni, tulipokuwa tukiota moto chini ya paa lililonuka mbuga, niliuliza.

“Mama, ulikuwa ukisema nini pale chini ya ngazi?”

“Hayo ni yangu na Mungu,” ulisema, ukanisogezea uji.

Otieno alipona polepole, kwa kukohoa hadi mwaka ukaisha. Sikuona muujiza. Asubuhi ya kwanza chini ya paa jipya ulikuja mlangoni kabla ya jogoo wa pili. “Mmeamka?” “Tumeamka, Mama.” “Wote?” “Wote.” Ukaondoka. Kesho ukaja tena, na kesho kutwa. Miezi, Mama! Mwanzoni niliudhika. Nilisema moyoni, kumbe mama huyu haamini, anangoja tufe. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ulikuwa umeweka wajukuu wako mezani mbele za Mungu, na kila asubuhi ulikuja kuona kama amewarudisha. Sijui kama kuna imani nyingine tofauti na hiyo. Labda wenzetu wanayo. Mimi niliyoiona kwa macho yangu ilikuwa na uso uliokosa usingizi.

Mambo yalibadilika kidogo kidogo, si yote. Mke wa Omolo alianza kunisalimu, kisha akaja kuazima chumvi ambayo najua hakuwa na haja nayo. Mwaka uliofuata Omolo mwenyewe alirekebisha ghala langu bila kuombwa, akaondoka bila kunywa chai. Wazee wawili walikwenda kaburini bila kunijibu salamu. Na kabla ya miaka ile ya tisini kuisha alikuja mjane kutoka ng'ambo ya mto, kijana mno, akiuliza kwa kunong'ona yule fundi Mkuria anapatikana wapi. Nilifungua mdomo nimwelekeze. Wewe ulikuwa umeshasimama kutafuta fimbo yako. “Njoo,” ulimwambia, “nikupeleke.”

Nilidhani habari ya safari ile ya kwanza naijua yote. Tulipokuzika, Mama Dorka aliketi nami akanieleza sehemu uliyomkataza kusema. Alisema ulirudi nyuma mara mbili. Mara ya kwanza kwenye kijito, ukakaa juu ya jiwe ukasema utawaua wajukuu wako kwa mikono yako. Mkageuka, mkatembea kuelekea nyumbani, kisha ukasimama, mkageuka tena. Mara ya pili mlikuwa mmeshaona mabati ya Ogwedhi. Hata beberu, alisema Dorka, alichoka kuvutwa huku na huku. Akakuuliza, “Sasa dada, tunakwenda au tunarudi?” Ukamwambia, “Bado naogopa. Lakini mgongo wa mtoto ulikuwa na maji.” Ukashika kamba, mkaenda.

Nilimfanya Dorka arudie maneno hayo mara tatu. Miaka yote nilikuwa nikikuwaza unakwenda Ogwedhi moja kwa moja, kama mwanajeshi, na kwa kweli nilikuonea wivu. Sasa ninakupenda kwa zile mara mbili ulizogeuka.

Otieno ni mwanamume, Mama. Ana mabega ya baba yake, na kifua hakimsumbui tena. Ameoa msichana anayeitwa Mercy, mpole, mwenye kicheko kizuri ambacho hatujakisikia siku nyingi. Wamepoteza mimba mbili. Ya tatu ina miezi mitano, na juzi aliona damu. Daktari wa Migori amesema alale tu, asiinue hata ndoo, tungoje. Basi tunangoja. Nampikia, namfulia, na kila asubuhi najikuta mlangoni kwao nikiuliza wameamkaje, sauti yangu ikitoka kama yako.

Jana aliniuliza, bila kunitazama, “Mama, wewe ulimwaminije Mungu wakati ule?”

Nilitafuta neno la kanisani nikalikosa. Nikamsimulia habari zako, zote, hata Chacha kukaa juu ya kipandio. Alisikiliza macho yake yakiwa darini. Nilipomaliza akauliza, “Kwa hiyo alikuwa akisema nini?”

“Sijui. Alikataa kuniambia.”

“Hata wewe?”

“Hata mimi.”

Mercy akacheka, mkono juu ya tumbo, akicheka na kujizuia kwa kuogopa kumtikisa mtoto. Kisha akalia kidogo. Kisha akaomba ndizi.

Sijui Mungu atafanya nini na mtoto huyu. Nataka sana kujua, nami ni mzee sasa, nilidhani hamu hiyo huisha. Jioni hii Mercy ameniomba nikae naye tuombe. Nimemwambia sina maneno mazuri. Akasema hata yeye hana.

Basi tutaanzia hapo.

Endelea kupumzika, Mama. Mfikishie Owino salamu za watoto wake.

Mkaza mwana wako