Migomba Iliyonona

Mjukuu wangu Wafula,

Huku Naitiri hatujambo, mama yako amemaliza palizi. Unauliza kama fundi aanze kuchimba msingi Jumatatu kwenye shamba ulilonunua Kitale. Mimi naogopa.

Tulipooana, babu yako alichagua kujenga kwenye kona yenye migomba minono. Aliniambia, "Si unaona udongo huu umebarikiwa?" Tuliing'oa, tukajaza mawe, tukainua kuta. Mvua ilipokuja, kona nzima ikazama. Chini kulikuwa na choo cha shimo, wenye shamba walikifukia kabla ya kutuuzia. Jirani alishangaa: "Ati hamkuuliza? Sisi sote tulijua."

Tafadhali, kabla ya Jumatatu piga hodi kwa jirani. Ile migomba nyuma ya fundi, kwenye picha uliyonitumia, mbona imenona hivyo?

Kukhu yako