Kidude Ndani ya Zege

Chumba cha nyuma,
Juu ya duka la mbao.
Jumapili, alasiri.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani, na pole kwa baridi ya huko uliko. Hujambo? Kifua kimepona? Mara ya mwisho ulikohoa kwenye simu mpaka umbea wangu ukanifia mdomoni. Sisi huku wazima. Magoti yanamsumbua Mama, lakini ulimi wake mzima kabisa, kwa hiyo hatuna wasiwasi naye.

Mimi bado nafunga nondo kwenye lile jengo ambalo Kaka ndiye nyapara. Vidole vimekuwa kama koleo. Siku tukishikana mikono utalia. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu habari yenyewe ni ndefu, na nyumba hii huwezi kunong'ona bila Mama kuitikia kutoka jikoni.

Kuna kidude kimeletwa kazini, ukubwa wake kama kiberiti. Nilikifunga mwenyewe kwenye nondo kwa waya, kisha tukamwaga zege la sakafu juu yake likakimeza. Nikasema basi, hicho kimekwenda na maji. Kesho yake injinia wetu, binti mdogo tu kwa umri, akasimama juu ya zege lile, akafungua simu yake, na kidude kikamwambia kutoka humo ndani zege lina joto kiasi gani na limefikia nguvu gani. Mdogo wangu, nilibaki mdomo wazi. Sikujua hata kwamba zege likiganda hutoa joto lake lenyewe, kama mtu mwenye homa. Wakati wa chakula nilirudi peke yangu, nikaweka kiganja, nikasikia uvuguvugu. Mwili ulinisisimka. Miaka yote hii nalikanyaga, kumbe lina hali yake.

Usidhani kilipokelewa kwa vigelegele. Cha kwanza kabisa mafundi walikivunja. Walidhani kinarekodi wanavyomsema bosi, wakawa wanasengenya kwa ishara za mikono, mpaka fundi mbao mmoja akakipiga nyundo na kukizika kwenye kifusi. Ofisi nayo haikusaidia. Walikileta bila kumweleza mtu neno, na majibu yake yakabaki kwenye simu za wakubwa. Nani ataamini kitu asichoonyeshwa?

Halafu kuna Kaka. Unajua wanamwita Daktari, kwa vile hulipima zege kwa nyundo kama anayegonga kifua cha mgonjwa. Likijibu kwa mlio mkali, limekomaa, na nguzo zinazolishikilia kwa chini zinatolewa zipandishwe ghorofa inayofuata. Likijibu kwa sauti nzito, lisubiri. Mafundi wanamwamini kuliko macho yao. Hata mimi, yeye ndiye aliyenifundisha kuisikiliza hiyo milio.

Basi juma moja mvua ikanyesha mfululizo na baridi ikaingia. Kazi ilikuwa imechelewa na mafundi mbao walitaka nguzo zao. Kaka akagonga ukingo wa sakafu mpya, akainamisha kichwa, akasema, "Limeiva hilo. Toeni." Watu wakaanza kuingia chini. Injinia akaja mbio na simu yake, akasema kidude kinakataa. Baridi imelichelewesha zege, halijafika hata nusu ya nguvu inayotakiwa. Mafundi wakacheka. Mmoja akamwuliza, "Dada, hiyo simu ishawahi kubeba karai?"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama kando ya Kaka alipogonga, na mlio niliousikia ulikuwa mzito, kama wa kugonga gunia la mchanga. Na walioingia chini ya sakafu ile ni watu ambao tunasukana nywele na wake zao.

Nikamwambia, "Kaka, hebu gonga tena." Akanitazama midomo. Akagonga, na uso wake ukabaki vilevile, uso wa mtu anayesubiri. Hapo nikaelewa, naye akaona kwamba nimeelewa. Kaka yetu hasikii vizuri tena. Mashine za kushindilia zege zimemharibu masikio, yeye aliyekuwa akisema vizibo vya masikio ni vya watu wa ofisini.

Nilidhani atanifokea. Heshima yake yote iko kwenye nyundo ile. Lakini aliichomeka kiunoni, akapaza sauti: "Tokeni wote. Binti yuko sahihi. Hakuna kugusa nguzo mpaka yeye aseme." Wengine wakaguna, wengine wakasema Daktari amezeeka. Akawaacha waseme. Nimemwona Kaka akibeba mifuko miwili ya saruji kwa mpigo, lakini sijawahi kumwona mkubwa kama siku ile. Mpaka sasa nikikumbuka nasisimka.

Siku hizi kila asubuhi Kaka huvaa miwani, hutazama simu pamoja na injinia, kisha huwasomea mafundi namba kwa sauti. Hata yule mzika vidude huuliza mgonjwa ameamkaje. Juzi namba zilitimia, nguzo zikatolewa, na sakafu ikatulia pale juu kana kwamba haijawahi kumtishia mtu. Nilisimama chini yake nikaitazama mpaka shingo ikauma.

Bosi hajui habari ya masikio. Kaka ameniomba nimwachie amwambie mwenyewe, na amekubali tuende naye hospitali. Hofu ya kupoteza kazi anayo, sitakuficha.

Mama anakusalimu, shangazi pia, na mapacha wanauliza kama huko theluji inaliwa. Msalimie sana shemeji.

Mwisho ni lile uliloniuliza, Kaka amekukasirikia nini hata hapokei simu zako. Nimemwuliza. Hajakukasirikia, mdogo wangu. Akiona jina lako hukaa ameishika simu mpaka inanyamaza, kwa sababu akipokea hasikii unachosema, na alikuwa anaogopa utajua. Mpigie ya video. Kaa penye mwanga, usiseme haraka, aone midomo yako.

Mungu akufunike huko uliko, wewe na nyumba yako.

Dada yako akupendaye,
Fundi Nondo